San Francisco 1951 au Buffalo 1958: usimulie msimu upi?

Nilikuwa nimemaliza kusimulia na kupigiwa yale makofi ya kumshukuru mgeni, ndipo kijana mmoja aliyekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono. "Samahani Mwalimu. Wale wachezaji wazungu walipoteza nini hasa?"

Ilikuwa klabu ya mdahalo, kidato cha tatu na cha nne, Ijumaa saa tisa alasiri, joto limewatuliza hata wale watundu. Mada niliyopewa ni michezo na haki. Nikawapa msimu wa 1951 wa Chuo Kikuu cha San Francisco: timu ya futiboli ya Kimarekani iliyoshinda mechi zote 9, halafu ikanyimwa mechi ya mwisho wa mwaka kwa sababu ya wachezaji wake wawili weusi. Nikamjibu yule kijana kwamba walipoteza timu yenyewe, maana chuo kiliifuta baada ya msimu huo. Akasimama tena. "Lakini Mwalimu si umesema ilikuwa na madeni?"

Darasa likacheka, nami nikacheka, ila nilirudi nyumbani nikiwa na deni la jibu. Hadithi niliyochagua ilikuwa tamu. Kwa mada ile haikufaa.

Kuna hadithi nyingine inayofanana nayo kiasi kwamba watu huzichanganya: msimu wa 1958 wa Chuo Kikuu cha Buffalo, jimbo la New York. Chuo kidogo, timu nzuri, wachezaji wawili weusi, mwaliko wa Kusini, na timu nzima ikakataa. Ukizitaja kwa haraka ni hadithi moja. Ukizikalia, ni mbili, na kila moja ina kazi yake. Kama wewe ni mwalimu, mlezi wa klabu au mwendesha kipindi cha redio, na muda wako unatosha moja tu, haya ndiyo niliyoyaona baada ya kuziweka bega kwa bega.

Msikilizaji ajue nini kwanza

Hapa usizidishe dakika mbili. Futiboli ya Wamarekani ni ile ya mpira wenye umbo la yai: unaubeba, unakabwa, ukifika nao mwisho wa uwanja wa mpinzani unapata pointi 6. Vyuo vikuu huucheza kwa ukubwa ambao kwetu tunauona kwenye watani wa jadi. Miaka ile hakukuwa na mtoano wa kumpata bingwa wa vyuo. Msimu ukiisha, kamati za miji fulani ziliita timu mbili zije kucheza mechi ya sherehe, kila mechi na jina lake: Orange Bowl kule Miami, Sugar Bowl New Orleans, Sun Bowl El Paso, Tangerine Bowl Orlando. Kualikwa kulileta jina na, kwa mechi kubwa, kulileta pesa.

Miji hiyo ilichaguliwa kwa jua lake la Desemba na Januari. Na jua hilo lilikuwa Kusini, ambako sheria na desturi zilitenganisha weusi na weupe mpaka kwenye bomba la maji ya kunywa. Ndilo fundo la hadithi zote mbili. Likishaeleweka, anza.

Upande wa mpira, San Francisco haina mshindani

Hapa sijiulizi mara mbili. Chuo cha Wajesuiti, kidogo, hakina uwanja wa maana, kinacheza Kezar, uwanja wa mji pembeni mwa bustani ya Golden Gate, mbele ya majukwaa ambayo mara nyingi yalikuwa matupu kuliko yalivyojaa. Kocha alikuwa Joe Kuharich. Mabao yao ya msimu ule yanasomeka kama mzaha: San Jose State 39 kwa 2, na waliporudiana 42 kwa 7. Idaho 28 kwa 7. Timu ya wanamaji wa Camp Pendleton 26 kwa bila. Santa Clara 26 kwa 7. Mechi pekee iliyowatoa jasho ni ya New York dhidi ya Fordham, 32 kwa 26, na siku hiyo Ollie Matson mara mbili alipokea mpira wa kuanzisha mchezo huko nyuma kabisa, akaubeba karibu uwanja mzima hadi mwisho.

Matson ndiye mtu wa kumweka mbele ukiwa na wasikilizaji wapenda michezo. Msimu ule alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,566 na kufika mwisho wa uwanja mara 21. Hakuna mchezaji wa chuo nchini kote aliyemfikia kwa mbio. Mwaka uliofuata alikwenda Olimpiki ya Helsinki, akarudi na shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne. Mwaka 1959 klabu ya Los Angeles Rams ilimchukua kwa mkataba uliohesabiwa kuwa wa mtu mmoja kwa tisa. Mtu mmoja kwa tisa! Ukilisema hili redioni, simu zitaita.

Na hakuwa peke yake. Gino Marchetti, aliyekuwa amepigana Vita vya Pili akiwa bado kijana mbichi, na Bob St. Clair, pande la mtu mwenye sifa ya kula nyama mbichi, wote wawili wako pamoja na Matson kwenye Jumba la Mashuhuri la futiboli ya kulipwa huko Canton, Ohio. Watatu kutoka kikosi kimoja cha chuo kidogo. Kijana aliyekuwa akiwaandikia taarifa za magazeti, akibembeleza waandishi waje kuwaona, aliitwa Pete Rozelle. Ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa ligi nzima ya kulipwa kuanzia 1960 hadi 1989. Na ndiye, akiwa meneja wa Rams, aliyefanya ule mkataba wa mtu mmoja kwa tisa: alimjua Matson tangu chuoni.

Buffalo haina haya. Kocha Dick Offenhamer aliwafikisha kwenye ushindi wa mechi 8 na kufungwa 1, wakatwaa Lambert Cup, kombe la timu bora miongoni mwa vyuo vidogo vya Mashariki. Waliwafunga Harvard na Columbia, vyuo vya wakubwa, na kwa mji wa viwanda kama Buffalo hilo lilikuwa jambo la kutembea kifua mbele wiki nzima. Lakini hakuna Matson. Hakuna jina ambalo msikilizaji atalitafuta simuni akifika nyumbani. Kama lengo lako ni mpira wenyewe, acha kusoma hapa, chukua San Francisco, nenda salama.

Sasa ule mwaliko

Hapa ndipo nilipojikwaa mbele ya wale vijana.

Kwa San Francisco, hadithi kama inavyosimuliwa ni hii. Timu haijafungwa, haijatoka sare. Inasubiri mwaliko kutoka mechi kubwa za Kusini. Neno linawafikia kwamba wanaweza kualikwa ikiwa Ollie Matson na Burl Toler watabaki nyumbani. Wachezaji wanakataa bila kubishana. Mwaliko haufiki. Wakabandikwa maneno matatu yaliyowaganda maisha yote: hawakufungwa, hawakutoka sare, hawakualikwa.

Ni nzuri, na kiini chake nakiamini. Ila ukiichunguza kama mlezi wa mdahalo, utaona mashimo. Wakati ule sababu iliyosemwa hadharani ni kwamba ratiba yao ilikuwa nyepesi, wamecheza na timu dhaifu. Sharti la kuwaacha wale wawili tunalijua hasa kutoka vinywani mwa wachezaji wenyewe, walipokuja kuhadithia miaka mingi baadaye. Simaanishi walisema uongo. Namaanisha hakuna mlango mmoja unaoweza kumwonyesha mwanafunzi ukamwambia: hapa ndipo walipoulizwa, na hapa ndipo walipojibu.

Hoja ya ratiba nyepesi nayo haisimami vizuri. Novemba walikwenda Stockton wakaifunga College of the Pacific 47 kwa 14. Tarehe 1 Januari 1952, Pacific hiyohiyo ilikuwa El Paso ikicheza Sun Bowl na Texas Tech, ikafungwa 25 kwa 14. Aliyepigwa kwa tofauti ya pointi 33 kaalikwa. Aliyempiga kakaa nyumbani. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilidhani nimepata rungu la kumalizia ubishi. Kisha nikakumbuka kwamba Pacific nao walikuwa na mchezaji mweusi, Eddie Macon. Kwa hiyo hata Kusini hakukuwa na ukuta mmoja; kila mji na kila kamati ilikuwa na mlango wake, mwingine umefungwa, mwingine umeachwa wazi nusu. Kwa msomaji wa historia hilo ni asali. Kwa darasa la dakika thelathini ni tope.

Halafu madeni. Futiboli pale chuoni ilikuwa ikila hasara, na pesa za mechi kubwa zingeweza kuiokoa. Zilipokosekana, chuo kikaifuta timu. St. Clair akahamia Tulsa kumalizia masomo, Kuharich akaenda kufundisha Chicago Cardinals na Matson akamfuata huko. Je, walikufa kwa sababu ya msimamo wao, au wangekufa tu? Ndilo swali la yule kijana, na jibu la kweli ni kwamba nyuzi hizo mbili zimesukwa pamoja mno kuzitenganisha.

Buffalo ni kinyume. Mwaliko upo, wa Tangerine Bowl, na ni wa kwanza katika maisha ya chuo. Furaha ipo. Fikiria vijana wa mji ulio kando ya Ziwa Erie, ambako Desemba theluji hukufika magotini, wanaambiwa wanakwenda Orlando kwenye michungwa. Kisha likatoka sharti. Ajabu yake, halikutoka kwa walioandaa mechi. Uwanja ulikuwa mikononi mwa bodi ya michezo ya sekondari ya Orlando, na kanuni ya bodi ilikataza weusi na weupe kucheza pamoja. Timu ije, ila Willie Evans na Mike Wilson wasicheze.

Evans alikuwa mkimbiaji wa kikosi cha kwanza. Wilson alikuwa wa akiba, na kwangu hapo ndipo hadithi inapopata uzito. Nyota mtu humtetea kwa urahisi, kwa sababu bila yeye unafungwa. Kumtetea wa benchi hakuna hesabu ya mpira ndani yake.

Kocha akawaita wote kwenye chumba cha chini cha jengo la mazoezi, akawaeleza, akawaambia watapiga kura. Karatasi zilikuwepo. Hakuna aliyeandika. Kabla hazijagawiwa walishasema: hatuendi. Mechi ikachezwa bila wao tarehe 27 Desemba 1958, East Texas State wakaifunga Missouri Valley 26 kwa 7, majina ambayo leo hayakumbukwi ila na watu wa vyuo hivyo.

Sasa mrudie yule kijana na swali lake. Buffalo walipoteza nini? Walipoteza safari waliyokuwa wameshapewa, na chuo kikakaa bila mechi ya namna hiyo kwa miaka 50. Waliifikia tarehe 3 Januari 2009 mjini Toronto, chini ya kocha mweusi, Turner Gill, wakafungwa na Connecticut 38 kwa 20. Wazee wa 1958 walikuwa wakikumbukwa msimu huo wote. Hasara inahesabika kwa vidole, na walioibeba waliijua kabla ya kuibeba.

Nani aliamua? Wachezaji. Wapi? Chumba kile. Lini? Kabla ya karatasi kugawiwa. Kwa mdahalo, hii ni nyama isiyo na mfupa.

Lakini usimtupe Burl Toler

Kitu kimoja San Francisco inacho ambacho naumia kukiacha. Toler, yule wa pili ambaye kila mtu humsahau kwa sababu ya Matson, aliumia goti mwaka 1952 kabla hata hajaanza kucheza kwa kulipwa. Akawa mwalimu, kisha mkuu wa shule mjini San Francisco. Mwaka 1965 akavaa fulana ya mistari na kuwa mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi ya kulipwa, ligi iliyoongozwa na Rozelle, yuleyule mwandishi wa taarifa za chuo. Mtu aliyeambiwa asionekane uwanjani ndiye aliyepewa filimbi. Hata mechi ya fainali kuu ya Januari 1980 alikuwa miongoni mwa waliochezesha.

Kama wasikilizaji wako ni walimu, au vijana waliokatwa miguu na kitu fulani wakiwa njiani, msimulie Toler peke yake. Huhitaji hata kutaja matokeo.

Na kuna wa tatu

Watu wakishajua hizi mbili huniuliza kama kuna nyingine. Ipo ya Lafayette, chuo kidogo cha Easton, Pennsylvania, msimu wa 1948. Walishinda 7, wakafungwa 2, wakaalikwa Sun Bowl, na El Paso wakati huo haikumtaka David Showell, mchezaji wao mweusi. Tofauti yake ni kwamba hapa wachezaji hawakukataa. Showell mwenyewe alikuwa tayari kubaki ili wenzake waende, nao walipiga kura ya kwenda. Waliokataa ni walimu wa chuo. Wanafunzi wakaingia barabarani usiku wakidhani wamenyimwa raha yao. Walipopata sababu, hasira yao ikageuza uso, wakamwandikia simu ya maandishi Rais Truman. West Virginia walikwenda badala yao na wakashinda.

Hii nisingeichukua kama hadithi ya pekee kwa vijana, kwa kuwa haina shujaa aliye wazi. Lakini kwa klabu ya mdahalo iliyoiva ni bora kuliko zote mbili. Mwenye kudhulumiwa akisema "nendeni tu", je, umeruhusiwa kwenda? Waachie hilo, utoke nje ukanywe chai, ukirudi bado watakuwa wanagombana.

Mimi nimechagua hivi

Kipindi cha michezo, au baraza la watu wanaojua mpira: San Francisco, na uanze na mechi ya Fordham. Usiifanye hadithi ya mwaliko kuwa safi kuliko ilivyo. Mweleze msikilizaji madeni, mweleze na Pacific. Atakuamini zaidi.

Darasa, kanisa, msikiti, klabu ya vijana, mahali popote ambapo mada ni mtu kusimama na mwenzake: Buffalo. Haihitaji nyota, na ukitaka kumtaja kwa jina mchezaji mmoja tu, mtaje Mike Wilson wa benchi.

Kama una vikao viwili, Buffalo kwanza, Lafayette baadaye. Usigeuze mpangilio. Nilijaribu kuanza na Lafayette kwa wajukuu wangu, na yule mdogo akaniambia, "Babu, hao wachezaji wako wabaya." Sikuweza kumrudisha tena.

Wale wa kidato cha tatu wamenialika tena mwezi ujao. Safari hii nitafika na Buffalo, nitawasimulia hadi kwenye kile chumba cha chini, kisha ninyamaze na kugawa karatasi kweli. Nimeshazikata, 40, na penseli fupifupi nimeazima dukani kwa jirani. Yule wa nyuma nitamfikia wa mwisho.